Lugha Mbili za Mbali na Somo Tulilopewa Ruring'u

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kunena. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, juma hili tulikusudia kuendelea na maelezo yetu juu ya mirathi. Tumeyaahirisha kwa sababu tuna deni, na mwenye deni hapendezi kuhubiri habari za kugawa mali kabla hajalipa lake.

Mwezi uliopita tulipanda kwenda Nyeri katika msafara wa posa. Kijana wa mtaani kwetu ameridhiana na binti wa nyumba ya Kiislamu huko Ruring'u, kando ya mji wa Nyeri. Wazee wakatutaka tufuatane nao, tuwe wasemaji wa upande wa mume. Tuliwasili karibu na magharibi, baridi ya Mlima Kenya imekwisha kushuka, na sisi watu wa joto tumejitanda kila tulichobeba, hata leso za kina mama. Wenyeji walitupokea kwa chai ya maziwa yenye tangawizi, kwa nyama na mukimo, na pembeni wakatupikia wali, maana walijua kuwa mtu wa pwani asipokula wali huhesabu kuwa hajala.

Kabla ya chakula, binti mwenyewe alileta birika na beseni la kunawia. Akasema kwa heshima, macho yameelekea chini: "Karibuni munawe, maji iko moto."

Mzee mmoja wa msafara wetu akacheka. "Maji iko? Mwanangu, Kiswahili hiki mumekiokota wapi?" Wengine wakacheka naye. Nasi, tunaoandika makala haya, hatukucheka kwa sauti, lakini tulitabasamu, na tabasamu letu lilionekana. Binti aliinamia kazi yake, akatunawisha mmoja mmoja hadi wa mwisho, kisha akaingia ndani na hakutoka tena usiku ule. Bibi yake, aliyeketi karibu na mlango, alitutazama na hakusema neno.

Nyumba ile ina vijana wawili wa kiume. Mkubwa anafanya kazi Cape Town, mdogo anasoma chuo kikuu Malaysia, na wote wawili walikuwa wamerudi kwa ajili ya shughuli ya dada yao. Kwa adabu ya kuwaondolea wageni aibu, mkubwa aligeuza mazungumzo. Alisema: "Sheikh, kule Cape Town Waislamu wengi wanasema Kiafrikana. Zamani wakubwa wa Kizungu walikiita lugha ya jikoni. Walisema ni Kiholanzi kilichookotwa." Mdogo akadakia: "Na Kimalei nacho kimejaa Kiarabu, Kihindi na Kireno. Basi nacho kimeokotwa?" Wakaanza kushindana, huyu akisema lugha hizi mbili ni za aina moja, yule akikataa. Mwishowe mkubwa akatugeukia: "Na Kiswahili je, Sheikh? Kilizaliwa au kiliokotwa?"

Tulijua kuwa swali lile lilikuwa la dada yao, ingawa hakutajwa. Tukajibu kuwa ni swali la kutafitiwa, si la kujibiwa juu ya sahani ya wali, na tukaahidi kulijibu kwa maandishi. Hilo ndilo deni.

Tuanze na Kimalei, kwa kuwa ndicho kikongwe.

Kimalei ni cha ukoo mkubwa wa lugha ulioenea kwa vyombo vya baharini kutoka visiwa vya Bahari ya Pasifiki hadi milangoni mwetu. Hata Kimalagasi, lugha ya jirani zetu wa Bukini, ni cha ukoo huo, na ndugu zake wa karibu wako katika kisiwa cha Borneo. Maandishi ya kale ya Kimalei yaliyochongwa juu ya jiwe yalipatikana karibu na Palembang, Sumatra, nayo yana tarehe inayolingana na mwaka 683. Yaliandikwa kwa herufi za Kihindi, na ndani yake mna maneno mengi ya Kisanskriti, kwa maana wafalme wa zama zile walifuata dini zilizotoka Bara Hindi. Ukatimu mwaka 1303 au karibu yake, ndipo tunapoona jiwe la Terengganu, limeandikwa Kimalei kwa herufi za Kiarabu, linataja hukumu za dini ya Kiislamu. Baina ya mawe hayo mawili pana zaidi ya miaka mia sita, na lugha ni ile ile. Imebadili herufi, imebadili dini, haijabadili mifupa.

Baadaye ulisimama mji wa Melaka, kuanzia miaka ya 1400, ukawa soko la dunia. Huko walikutana Waarabu, Wagujarati, Wachina na Wajava, na ili wauziane karafuu na hariri walihitaji lugha moja, nayo ikawa Kimalei. Wareno waliuteka mji huo mwaka 1511, miaka michache baada ya Vasco da Gama kupita Mombasa mwaka 1498. Ndiyo sababu Mmalei huita meza "meja" na bendera huiita "bendera" kama tuitavyo sisi. Maneno hayo tumeyapata sote kwa Mreno mmoja, naye hakuja kufundisha lugha. Yatosha kuiangalia Ngome ya Yesu, aliyoanza kuijenga mwaka 1593.

Ibn Battuta, msafiri mashuhuri, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Katika miaka ya 1340 alifika Samudra, kaskazini ya Sumatra. Huku na huko aliwakuta Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafii. Bahari ilikuwa moja, na fiqhi moja, na lau angekuwa na sikio la lugha angetambua kuwa na maneno kadhaa yalikuwa mamoja. Sisi twasema sababu, wao husema "sebab". Sisi dunia, wao "dunia". Habari kwao ni "khabar", riziki ni "rezeki", wakati ni "waktu", karatasi ni "kertas", na sabuni ni "sabun".

Je, maneno hayo yameifanya lugha yao kuwa Kiarabu? Hasha. Mmalei akitaka kutaja jicho husema "mata", mkono ni "tangan", jiwe ni "batu", moto ni "api". Hayo ni ya kwao tangu asili. Hata kufunga Ramadhani wao hukuita "puasa", neno lililotokana na Kisanskriti, wakalisilimisha kama walivyosilimu wao wenyewe. Hatujasikia mwanachuoni aliyesema kuwa saumu yao ina kasoro kwa sababu ya jina lake.

Sasa tuende kusini, kwenye Rasi ya Tumaini Jema.

Mwaka 1652 Jan van Riebeeck alitia nanga hapo kwa niaba ya Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, apande mboga za mabaharia waliokuwa wakienda Java na kurudi. Wenyeji walikuwa Wakhoikhoi. Kwa kuwa Waholanzi walitaka watumishi, walileta watumwa kutoka Bukini, Msumbiji, Bengal, Malabar, Ceylon na visiwa vya Indonesia. Basi nyumba moja ya Rasini ilikuwa na bwana Mholanzi, mpishi kutoka Java, yaya kutoka Bengal na mchungaji Mkhoikhoi. Hawa wote walilazimika kufahamiana kila siku tangu alfajiri, na lugha iliyo mbele yao ilikuwa ya bwana. Wakaisema kadiri walivyoisikia. Watoto wa bwana, waliolelewa na yaya hao hao, nao wakaisema vivyo hivyo. Katika muda wa karne moja na nusu hivi, ile haikuwa tena Kiholanzi.

Mholanzi akitaka kusema "mimi ni, wewe ni, yeye ni, sisi ni", hubadili kitenzi: "ik ben, jij bent, hij is, wij zijn". Kiafrikana kimeyatupa yote hayo, kimebaki na moja: "ek is, jy is, hy is, ons is". Kimetupa pia jinsia za majina. Lakini hakikutupa tu, kilipata na vyake, kama kukanusha mara mbili katika sentensi moja, jambo ambalo Kiholanzi cha shuleni hakina. Kikapokea na maneno ya watumwa. Neno lake la "sana" au "nyingi" ni "baie", nalo latokana na "banyak" ya Kimalei. Ndizi ni "piesang" kutoka "pisang", kisahani ni "piering" kutoka "piring", na koti ni "baadjie", asili yake "baju". Kaburu aliyesema "baie dankie", yaani asante sana, alikuwa akishukuru kwa neno nusu la mtumwa wake.

Tumesema Kaburu. Neno hili limetokana na "Boer", lenye maana ya mkulima. Watu wa bara wanawakumbuka. Mwaka 1908 kundi la Makaburu lenye watu zaidi ya mia mbili lilishuka Mombasa, likapanda gari moshi hadi Nakuru, kisha likaenda kwa magari ya ng'ombe hadi Uasin Gishu, pale ulipokuja kusimama mji wa Eldoret. Wengi wao waliondoka ulipokaribia uhuru wa Kenya. Lugha yao imetujia kwa sura ya bwana shamba, na baadaye kwa sura ya serikali ya ubaguzi wa rangi. Ndiyo maana wengi wetu hatukujua habari inayofuata, na sisi wenyewe tulipoisoma tuliona haya kwamba hatukuijua.

Miongoni mwa waliopelekwa Rasini kwa nguvu walikuwamo wanavyuoni. Sheikh Yusuf wa Makassar alipelekwa mwaka 1694 kwa sababu aliwapiga vita Waholanzi huko Banten, akafia huko huko mwaka 1699. Mwaka 1780 alipelekwa Imamu Abdullah bin Kadhi Abdussalaam, mwana wa watawala wa Tidore, anayejulikana kwa jina la Tuan Guru. Alifungwa kisiwa cha Robben, kile kile alichofungwa Nelson Mandela. Humo aliandika Msahafu kwa hifdhi ya moyo, na mwaka 1781 akaandika kitabu cha itikadi na fiqhi kwa Kiarabu na Kimalei. Alipofunguliwa, alianzisha madrasa mjini Cape Town mwaka 1793, wakaingia watumwa na watu huru pamoja.

Mwanzoni masomo yalikuwa kwa Kimalei. Lakini watoto wa Rasini, wajukuu wa watu wa Java, Bengal na Msumbiji, walikuwa wamekwisha kuwa na lugha moja, nayo ni hiyo ya jikoni. Walimu wao wakafanya jambo la hekima, wakaichukua lugha ya jikoni wakaiandika kwa herufi za Kiarabu. Wanafunzi wakawa na madaftari waliyoyaita "koplesboek", yaani vitabu vya masomo ya kuhifadhi kichwani, na kila aliyesoma chuoni kwetu na ubao wake mkononi anajua maana yake.

Mwaka 1862 Sultani wa Uthmaniyya alimtuma Sheikh Abu Bakr Effendi, Mkurdi, awe mwalimu wa Waislamu wa Rasi. Alikuwa Mhanafi katikati ya Mashafii, na alipoharamisha kambakoche zilitokea fitina nyingi, kwa kuwa watu wale ni wavuvi kama sisi. Lakini hilo halikumzuia kujifunza lugha yao kutoka vinywani mwao. Aliandika kitabu cha fiqhi kiitwacho Bayan al-Din, akakimaliza mwaka 1869, kikachapwa Istanbul mwaka 1877. Kimeandikwa Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu. Hesabu tarehe, ewe msomaji. Chama cha Makaburu cha kuipigania lugha hiyo kiliundwa Paarl mwaka 1875. Serikali iliikubali kuwa lugha rasmi mwaka 1925. Biblia yake kamili ilitoka mwaka 1933. Wakati mabwana walipokuwa bado wanaona haya kuiandika, Waislamu, wana wa watumwa, walikuwa wameifundishia udhu na sala.

Kisha mabwana wakaichukua, wakaifanya fimbo. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa Soweto waliuawa kwa kukataa kulazimishwa kusoma kwa lugha hiyo. Ni lugha ile ile iliyowafundisha yatima wa Rasini kumjua Mola wao. Lugha haina dhambi, mwenye dhambi ni mkono unaoishika.

Tukiziweka lugha mbili hizi pamoja, tofauti yake yaonekana wazi. Kimalei ni mti wa kale uliopandikizwa vitawi vya kigeni, shina lake halikukatwa. Kiafrikana ni mche mpya uliochipuka kwa mbegu iliyochukuliwa mbali na kupandwa katika ardhi nyingine, ukanyweshwa maji ya mito mingi. Kijana aliyesema hazifanani alikuwa na haki. Lakini kaka yake naye alikuwa na haki katika jambo moja, kwamba zote mbili zilikuzwa na wanyonge na wasafiri, na zote mbili zilidharauliwa na waliojiona wenye lugha bora.

Na Kiswahili je? Kipimo chake si kuhesabu maneno. Tazama mgeni akiingia nyumbani, nani humvika mwenzake nguo? Kiarabu husema "kitab", na wingi wake "kutub". Mswahili alipolipokea neno hilo alilisikia "ki", akalivika vazi la nyumbani, akasema kitabu, vitabu, kijitabu. Kiarabu husema "hukm". Mswahili akasema hukumu, anahukumu, amehukumiwa, hawakuhukumiana. Mmalei naye alifanya vivyo hivyo: kutoka neno "fikir" alipata "berfikir", kufikiri, na "fikiran", fikira, na "pemikir", mwenye kufikiri. Basi Kiswahili ni ndugu wa Kimalei kwa tabia, ingawa si kwa nasaba. Nasaba yake ni Kibantu, jirani wa damu wa Kipokomo na lugha za Mijikenda. Waliosema kuwa Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu wametazama kanzu, hawakutazama aliyeivaa.

Anayetaka mfano wa Kiafrikana katika nchi zetu na aende Kibra, Nairobi, awasikilize ndugu zetu Wanubi. Babu zao walikuwa askari wa kusini ya Sudani chini ya Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 kuwaingiza Uganda, na baadaye wengine wakaja Kenya. Makambini walikutana watu wa makabila mengi, lugha ya amri ikawa Kiarabu, wakakifanya kuwa chao. Mnubi husema "ana rua", nilikwenda, na "ana bi rua", nitakwenda, na kitenzi hakibadiliki akiwa ni mmoja au wengi, mume au mke. Mwanachuoni wa nahau ataguna. Lakini Wanubi wameishika dini yao vizazi na vizazi kwa lugha hiyo, na Mola amewasikia.

Sasa turudi Ruring'u, kwenye birika na beseni.

Tulipokuwa njiani kurudi ndipo tulipojiuliza, maneno "maji iko moto" yametoka wapi? Tulidhani yametoka katika Kikuyu. Tulikosea. Mwenye kusafiri bara anaujua mji wa Mai Mahiu. Jina hilo ni la Kikuyu, na maana yake ni maji ya moto. Litazame vizuri: "maaĩ" ni maji, na sifa yake imeanza na "ma" kwa kufuatana nayo. Kanuni tuliyomcheka binti kwa kuikosa imo katika lugha ya mama yake, timamu kabisa. Na si hiyo tu. Sisi twasema mtu, wao "mũndũ". Mti ni "mũtĩ", nyumba ni "nyũmba", na nyama ni "nyama". Yule binti, kwa mifupa ya lugha, yu karibu zaidi na Kiswahili kuliko Mwarabu ye yote aliyetia nanga Lamu.

Basi "maji iko" imetoka wapi? Imetoka mahali palipofanana na jiko la Rasini. Mji wa Nyeri ulianza mwaka 1902 kama kituo cha serikali ya Kiingereza. Katika miji kama hiyo walikutana wapagazi, maaskari, washonaji, wapishi na wachuuzi, wengine wa pwani, wengine Wakamba, Wanyamwezi, Wasomali na Wakikuyu, na mitaa yao mara nyingi ikaitwa Majengo, kama ilivyo Nyeri hadi leo. Walihitaji kufahamiana upesi. Walichukua Kiswahili wakakipunguza mizigo, kama msafiri apunguzavyo mizigo mlimani. Kwa Kiswahili hicho walijenga misikiti, wakaoza watoto, wakazika maiti, wakafundisha Alif na Ba. Sisi wa pwani tulikuwa wachache sana miongoni mwao, na wengi wetu tulirudi kwetu. Waliobaki na kuishika dini katika baridi ile, mbali na wanavyuoni na wakfu, ni hao ambao sisi twawauliza wamekiokota wapi.

Na maneno hayakukoma hapo. Sabuni tuliyoipata kwa Mwarabu, na Mmalei akaipata, imepanda mlima na sisi, na Mkikuyu huiita "thabuni". Meza ya Mreno, ambayo Mmalei huiita "meja", kwa Mkikuyu ni "metha". Dirisha limekuwa "ndirica". Asubuhi ya kuondoka, bibi wa nyumba ile alitwambia tuweke vikombe juu ya "metha". Hatukucheka. Tulikuwa tumekwisha kufahamu kuwa neno hilo limetembea kuliko sisi.

Hatusemi kuwa ufasaha hauna thamani. Mashairi yetu, tangu Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate mwaka 1728, ni amana, na mwenye kuyaacha yapotee atakuwa amekhini. Watoto wafundishwe kusema maji yako moto, na wa pwani ndio wa kwanza wa kufundishwa, maana tumewasikia nao siku hizi wakisema mengine ya kustaajabisha. Tunalokataa ni kuufanya ufasaha kuwa ngazi ya kumkanyagia Mwislamu mwenzetu. Mwenyezi Mungu katika Sura Ar-Rum, aya ya 22, amezitaja tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara Zake. Na katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11, amewakataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Hizo tumezihifadhi tangu chuoni. Kuzihifadhi kukawa jambo jingine, na kunawa mikono Ruring'u kukawa jambo jingine.

Tunalo pia la kusema juu ya kazi yetu sisi waalimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotaka kuwaamsha Waislamu wa Mombasa alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akaandika kwa Kiswahili, ilhali Kiarabu chake hakikuwa na upungufu. Alijua kuwa elimu isiyofahamika ni mzigo kwa mwenye nayo na kiu kwa asiye nayo. Tuan Guru alijua hivyo, na Abu Bakr Effendi alijua hivyo. Vijana wetu wanaopelekwa bara kufundisha, tunawausia wajifunze lugha ya mahali kabla ya kuisahihisha. Na wanaokwenda kuposa wajue kuwa wanaingia nyumba ya watu, si chumba cha mtihani.

Tumempelekea binti yule na wazazi wake neno la kuomba radhi, kwa jina letu na la wenzetu. Mzee aliyecheka amekwenda nasi kwenye simu na akaomba msamaha kwa ulimi wake mwenyewe, jambo tunalomshukuru kwalo. Aliyejibu ni bibi, yule ambaye siku ile hakusema neno. Alisema: "Sheikh, maji yale yalipoa tu. Mukija tutachemsha mengine."

Ndoa imepangwa baada ya Ramadhani, inshaallah. Tutakwenda, na tumekwisha kuwaambia wenzetu wa msafara wachukue majaketi mazito na ndimi nyepesi. Juma lijalo, Mwenyezi Mungu akitujaalia uhai, tutarejea kwenye mirathi.

Wabillahi tawfiq.